Mkono wa Fundi na Mchezo wa Kunguru

Juma lililopita aliingia dukani kwangu mwanamke kutoka Ngomeni, mkono wake wa kushoto umo ndani ya plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni, akaniuliza kama ni kweli kwamba mkono wangu mimi ulivunjika mara mbili. Nikamwambia ni kweli. Akauliza, "Na ulirudi kama zamani?" Nikafungua kinywa kusema ndiyo, nikasita. Nikataka kusema la, nikasita tena. Mwisho nilimwonyesha kanzu niliyokuwa nikiidarizi shingo, akaitazama, akashukuru, akaenda zake. Baadaye niliona kuwa jibu lake ni refu, na kwamba wapo wengine wenye plasta zao ambao hawatapita mtaani kwetu kuniuliza. Basi naliandika hapa, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Jina langu Swaleh, lakini Malindi wengi waniita Fundi. Nashona kanzu. Miaka ya themanini ilipokuwa katikati, Mtaliani mmoja alifungua duka la aiskrimu mkabala na duka langu, akanipa kazi ya kumshonea turubai la kivuli. Siku niliyompelekea turubai ndiyo siku niliyoiona mashine.

Ilikuwa kabati refu la mbao lenye kioo kama cha televisheni. Ndani ya kioo kunguru walishuka kutoka juu safu kwa safu, na chini palikuwa na kigari kidogo. Kijiti cha mkono wa kushoto kilikipeleka kigari huku na huku. Kifungo cha mkono wa kulia kilifyatua risasi. Kunguru nao walikuwa wakidondosha mayai. Yai likikuangukia, umekufa. Kunguru akitua chini bila kupigwa, umekufa vilevile. Kwa hiyo kazi zilikuwa mbili tu: mkono wa kulia uwapige kunguru, wa kushoto ukwepe mayai. Na kadiri ulivyoendelea kuishi ndivyo walivyozidi kasi.

Nilikuwa na miaka arubaini na sita. Nilisimama pale na turubai begani nikimtazama kijana wa Kitaliani akicheza, na nilichojiuliza ni hiki: yai linaonekana na jicho, lakini anayekwepa ni mkono, habari inapita wapi baina yao, na inakwendaje upesi namna ile? Cherehani nimeiendesha tangu utotoni, nikidhani naijua mikono yangu. Nilipojaribu nilikufa kabla sijashusha pumzi. Mtaliani akacheka, akanipa nicheze tena bure, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuvuka barabara kila kazi ilipopungua.

Wenzangu wa barazani hawakuniacha. "Fundi, umeacha bao la watu wazima, unachezea kunguru!" Nikawajibu kwamba bao linaweza kungoja, kunguru hawangoji. Mke wangu Rukia aliniuliza siku moja kama ningempeleka akaione, na alipoiona alisema, "Inataka mtu asiye na mawazo." Sikujua kama ni sifa.

Januari, msimu ule wa kwanza wa kaskazi, nilipata alama elfu themanini na mbili. Hakuna mwingine aliyefika hapo, Mtaliani wala Mswahili. Mashine yenyewe haikuwa na kumbukumbu, kwani stima ikikatika ilisahau kila kitu. Kwa hiyo mwenye duka aliandika kwa chaki ubaoni, chini ya majina ya aiskrimu: FUNDI, 82,000, JANUARI. Nilipita pale kila asubuhi nikijifanya natazama bei.

Nilianguka siku moja kabla ya Idi, mwezi wa mvua. Rukia alikuwa ameosha sakafu ya uani kwa sabuni, kama ifanywavyo kila nyumba siku ile, na mvua ikaanza ghafula, nami nikatoka mbio kuokoa kanzu za watu zilizokuwa zimeanikwa. Kanzu niliziokoa. Niliangukia kiganja cha kulia, na nilisikia mlio kama wa kuni kavu kabla sijasikia maumivu. Kifundo cha mkono kiligeuka kikawa na umbo la uma wa kulia chakula ukiutazama kwa ubavuni. Nilikitazama kwa mshangao, naomba Mungu anisamehe, kwa kuwa sikuwahi kujua mkono unaweza kuwa vile.

Hospitali ya hapo Malindi wakaunyoosha, wakautia plasta, daktari akasema wiki sita, nisiiguse, nichezeshe vidole tu. Idi nilisali kwa mkono mmoja. Siku za kwanza ni za maumivu, kila mtu anajua. Asichoambiwa mtu ni zile siku baada ya hapo, wakati maumivu yamepungua na mwasho umeanza. Plasta inawasha, inanuka, inabana usiku na kulegea mchana. Nilikuwa nikiingiza kijiti cha mchongoma ndani kujikuna, na nikilalamika kwa kila aliyekuja kuniona.

Siku ya kumi na mbili akaja Shangazi Mwanamkuu. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu babangu, na ndiye aliyenilea tangu mamangu alipofariki nikiwa na miaka sita. Alikuwa mkandaji. Aliyeteguka, aliyevunjika, mwanamke aliyetoka kujifungua, wote waliletwa kwake, wengine kutoka Mambrui. Aliiona plasta, akaigonga kwa kidole.

"Mwanangu, mfupa huu umefungiwa kama mwizi. Mfupa wataka mafuta, wataka joto la mkono wa mtu. Humu utaoza."

"Daktari amesema wiki sita, shangazi."

"Huyo daktari ni mtoto wa nani?"

Aliomba mkasi, mkasi ukapatikana, akaikata plasta kuanzia kiwikoni hadi kiganjani, na kwa siku tisa alikuja asubuhi na jioni na mafuta yake ya simsim, akanikanda. Kwetu sisi, kuukataa mkono wa Shangazi Mwanamkuu ilikuwa sawa na kusukuma sahani aliyokupakulia. Tena, hewa ile ya kwanza juu ya ngozi ilikuwa tamu, siwezi kuielezea.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na nikavunjwa mkono. Nilipokwenda hospitali kwa miadi, daktari aliutazama mkono usio na plasta, akanitazama mimi, akautazama tena. Mfupa ulikuwa umeanza kushikana ukiwa umepinda. Ikabidi wauvunje tena. Walinilaza usingizi, na nilipoamka plasta mpya ilikuwa imefika juu ya kiwiko, na kidole gumba kilikuwa kimevimba hata sikukitambua.

Siku niliyorudi nyumbani Shangazi alikuja na uji wa pilipili manga na chupa yake ya mafuta. Rukia alikuwapo, na majirani wawili. Sikuwa nimelala siku tatu, mkono uliniuma, na hofu iliyonishika ilikuwa moja tu: kwamba mkono huu haungerudi kuwa wangu. Nikamwambia Shangazi mbele ya wote, "Wallahi, sitatia mguu nyumbani kwako, wala hutaugusa mkono huu, mpaka upate tena elfu themanini na mbili!"

Akauliza kwa upole, "Elfu themanini na mbili za nini, mwanangu?"

"Za kunguru," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Aliweka uji chini, akachukua chupa yake, akatoka. Ndivyo nilivyoufunga udugu wangu na mashine ya duka la aiskrimu. Hasira hasara, na hasara ile niliibeba mwaka mzima.

Plasta ilipotolewa vuli ilikuwa karibu. Atakayefika hapo namwomba asiogope atakachokiona. Mkono uliotoka mle haukuwa mkono niliouingiza. Ulikuwa mwembamba kama wa mgonjwa wa miezi, ngozi yake inaambuka kwa magamba, na malaika, vile vinyweleo vya mkononi, yalikuwa yameota marefu na meusi, sijui kwa sababu gani. Vidole vilikunjika nusu tu. Nilishika sindano ikaanguka. Nikaiokota kwa kushoto, nikaipa kulia, ikaanguka tena.

Nikapelekwa Kilifi kwa mazoezi ya viungo. Dadangu mdogo ameolewa Kibarani ya hapo Kilifi, kwa hiyo kila Jumatatu nililala kwake, na Jumanne alfajiri nilikuwa kwenye benchi la hospitali. Sitasahau wema wa dada yule, aliyenikatia samaki vipande vidogo bila kuniambia kwamba ananikatia. Sikulazimika kuomba.

Kwenye benchi lile ndipo nilipomjua Charo, mgema kutoka Kakuyuni, mtu wa rika langu, kiwiko chake kimekakamaa. Tulikaa pamoja Jumanne nyingi, maana foleni ilikuwa ndefu na sote tulipenda kufika mapema tukalalamike.

"Mimi sikuteleza," alinieleza siku ya kwanza. "Miaka thalathini napanda. Siku hiyo nikashika, mkono ukafika, mwili haukufika."

Nilimweleza juu ya mashine. Alisikiliza kwa makini sana.

"Hao kunguru ukiwaua, wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Basi wawaulia nini, ndugu yangu?"

"Ili waje wengine wenye kasi zaidi."

Akasema kazi hiyo hata yeye hangeiweza.

Chumba cha mazoezi kilikuwa cha Sista Kadzo, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliutumbukiza mkono wangu katika nta ya moto, akauacha ukae humo kama mkono wa mtu mwingine, kisha akanipa ndoo ya mchanga wa pwani uliolowa nikaufinye. Finya, achia, finya, achia. Kila Jumanne alipima kwa rula umbali uliobaki baina ya ncha za vidole na kiganja. Mimi nami nikachukua utepe wangu wa kushonea nikawa najipima nyumbani kila asubuhi, mpaka Rukia akanificha utepe. Siku vidole vilipogusa kiganja kwa mara ya kwanza Sista Kadzo aliwaita watu wa benchi waje waone. Charo akapiga kigelegele, mwanamume mzima, na mimi nikalia bila haya.

Kaskazi ikaja, wageni wakajaa, na mashine, iliyokuwa imefunikwa kwa kukosa wachezaji, ikafunuliwa. Nilimuuliza Sista Kadzo kama naweza kuicheza. Alitaka nimweleze kila kidole kinafanya nini. Nikamweleza.

"Cheza," akasema. "Kidogo kidogo, na ukisikia moto kwenye kifundo, acha. Mchanga wangu hauna raha, huo wako una raha."

Niliingia duka la aiskrimu kama mtu anayekwenda kutahiniwa. Nilipata elfu tisa. Juma la pili elfu kumi na nne. Mkono uliamka siku hadi siku, na kufikia mwisho wa kaskazi nilikuwa nikifika elfu hamsini. Sindano haikuanguka tena. Kanzu zikaanza kurudi kwenye kamba. Lakini hamsini ikawa ukuta. Nilipanda nikashuka, hamsini na mbili, arubaini na tisa, hamsini na moja, na kila nilipokufa niliutazama mkono wa kulia na kusema moyoni, Shangazi kaniulia mkono.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Siku ya Idi, kutoka msikitini, mtu wa kwanza kuamkiwa na ukoo wetu ni Shangazi Mwanamkuu, ndivyo ilivyo tangu babu. Mimi nilizunguka kwa njia ya ufuoni ili nisipite mlangoni kwake, kanzu mpya inanata chumvi. Rukia alikwenda peke yake. Alirudi na sahani iliyofunikwa na chupa ya mafuta ya simsim.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Ameuliza umefika ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Hamsini. Akasema, 'Bado kidogo, atafika.'"

Niliiweka ile chupa dirishani na haikuguswa. Usidhani sikuona haya. Niliona, lakini kiapo nilichokuwa nacho kilinipa mahali pa kujificha.

Jumanne iliyofuata Idi, Sista Kadzo alinifinya kifundo, akanikunja, akanigeuza, akasema hana la kunifanyia zaidi. "Mkono umepona, Fundi. Umepoteza kidogo sana."

"Haujapona," nikamwambia. "Haufiki themanini." Nikamweleza yote, na kiapo pia.

Hakucheka. Aliniuliza swali ambalo mimi, na udadisi wangu wote, sikuwa nimejiuliza hata siku moja. "Ukifa kwenye hiyo mashine, unauawa na mkono upi?"

Nikasema, wa kulia, bila shaka. "Umehesabu?" akauliza. Sikuwa nimehesabu.

Nje, Charo alikuwa benchini. Naye alikuwa ameachiliwa siku ile. Nilimuuliza kama atapanda tena. Akatikisa kichwa.

"Nikuambie siri, Fundi? Hata kabla sijaanguka nilikuwa nimeacha minazi mirefu. Miaka miwili nilipanda mifupi tu. Nikiulizwa, nasema tembo la mnazi mfupi ndilo tamu." Alicheka kwa aibu. "Sasa nawanolea wanangu kotama zao za kugemea. Wao hupanda mirefu."

Njiani kurudi Malindi nilikuwa nikimfikiria, na nikaikumbuka sindano. Mwaka kabla ya kuanguka, Rukia ndiye aliyekuwa akinitungia uzi. Nikiulizwa, nilisema uzi wa siku hizi umefanywa mnene.

Nyumbani nilimwomba Rukia anisaidie kuhesabu, maana mtu hawezi kufa na kuandika kwa wakati mmoja. Alichukua komwe, zile kete za kuchezea, kutoka kwenye mkoba wa bao langu, akavaa buibui lake, akaja kusimama nyuma yangu katika duka la aiskrimu, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Tulikubaliana: nikiuawa na yai, yaani mkono wa kushoto umeshindwa kukwepa, aweke komwe kikombe cha kushoto. Akitua kunguru, yaani mkono wa kulia umeshindwa kupiga, kikombe cha kulia. Mwenye duka alitupa vikombe viwili vya aiskrimu, akaketi kutazama. Tulifanya hivyo siku tano.

Siku ya tano Rukia alimimina vikombe mezani. Vifo vilikuwa arubaini. Komwe za kulia zilikuwa tisa.

Nilizihesabu tena mwenyewe. Thelathini na moja zilikuwa za kushoto, mkono ambao haukuwahi kuvunjika, wala kutiwa plasta, wala kukandwa na Shangazi. Nilikuwa nikiliona yai, nikiujua upande wa kukimbilia, na kijiti kilikwenda, lakini kilikwenda yai likiwa limeshafika.

"Labda kushoto kumechoka kwa kumsaidia mwenzake," nikasema.

Rukia aliinua kidole akaonyesha ubaoni. Chaki ilikuwa imefifia lakini ilisomeka.

"Soma mwezi," akasema.

"Januari."

"Ukaanguka lini?"

"Mwezi wa sita."

"Februari yote ulikuwa hapa, mkono mzima. Machi yote ulikuwa hapa, mkono mzima. Ukirudi nyumbani una sitini, ukirudi una hamsini na tano, chakula huli. Mimi nilikuwapo, Swaleh. Themanini yako ilikuacha kabla hujavunjika."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta siku moja ya Februari au Machi niliyofika hata sabini, sikuipata. Nilikuwa nimeisahau miezi ile miwili kama mashine inavyosahau stima ikikatika. Mwenye duka, aliyeelewa nusu ya maneno, aliugusa upara wake, akanigusa begani, akasema kwa Kiswahili chake, "Sisi zee, Fundi."

Kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kuhesabu, sikuacha hapo. Nilipimwa macho, nikapata miwani, na mayai yakaanza kuonekana mapema zaidi. Alama zikapanda hadi hamsini na nane. Nikajaribu kutolitazama yai ila kunguru anayetaka kulidondosha, kama mcheza bao anavyotazama mkono wa mwenzake kabla haujafika shimoni, na nikapata sitini na moja. Hapo ndipo nilipo hadi leo, na siku nyingine hamsini. Nimegundua kuwa yapo mambo yanayorudi kwa mchanga na nta, yapo yanayorudi kwa miwani, yapo yanayozibwa kwa ujanja, na lipo fungu ambalo halirudi. Ujana ni moshi. Mwenye plasta na ayatenge mafungu hayo mapema, kabla hajatafuta mtu wa kumlaumu kwa lile la mwisho. Na plasta asiikate. Mwasho haujaua mtu.

Nilimwendea maalim wa msikiti wetu, nikamweleza kiapo. Aliniuliza mara mbili kunguru hao ni wa namna gani. Kisha akasema kiapo cha kukata udugu hakilindwi, huvunjwa, na aliyekiapa hutoa kafara: masikini kumi awalishe, au awavishe. "Na wewe ni fundi," akasema, "usinipotezee wakati kuniuliza lipi." Kanzu zile kumi zilinichukua msimu wa kusi uliobaki. Nilizishona kwa mkono wangu huu, na shingo zake hazina kombo.

Lakini kwa Shangazi nilikwenda siku ileile niliyomwona maalim, baada ya alasiri, na chupa ya mafuta nimeitoa dirishani.

Nikapiga hodi. "Karibu, nani?" Nikasema, "Ni mimi, Swaleh." Akasema, "Mlango hauna komeo."

Alikuwa ameketi juu ya mkeka akichagua mchele, ungo ameuinua karibu na uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umezipata?"

"Sikuzipata."

"Basi mbona umekuja? Kiapo ni kiapo."

"Kiapo kilikuwa kibaya. Na mkono si wewe uliyeuharibu, ni miaka." Hapo nikasema lile ambalo mwaka mzima sikumwambia mtu, na ambalo hata hapa nimelipita juu juu. "Na mkasi, shangazi. Kila mtu nimemwambia ulikata plasta kwa mkasi. Mkasi ni wangu wa kazi. Niliinuka mwenyewe nikauchukua, nikaufuta, nikakupa."

"Najua ulinipa wewe," akasema. "Mimi si nilikuwapo?"

Aliweka ungo chini. Nilimpa chupa, akaipokea, akaona haijafunguliwa. Nikamnyoshea mkono wa kulia. Hakuugusa.

"Tangu siku ile sijamkanda mtu," akasema. "Wakija nawaambia waende hospitali."

"Kwa ajili ya maneno yangu?"

"Maneno yako yaliniuma, lakini si hayo." Alivitazama vidole vyake. "Zamani nikiushika mfupa huniambia ulipo. Siku hizi havisikii. Hata wako, Swaleh, nilipoushika haukuniambia kitu. Nikaona haya kusema. Wewe umelala hapo wanitegemea, na Rukia anatazama. Nikakanda hivyo hivyo."

Mwaka mmoja kabla ya hapo maneno yale yangekuwa ushindi wangu. Sasa nilimwona Charo na minazi yake mifupi, na mimi na uzi mnene, na huyu aliyenilea akinikanda asubuhi na jioni kwa siku tisa bila kusikia chochote. Nilimhurumia, nikausogeza mkono karibu naye zaidi.

"Nikande," nikamwambia.

"Umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Nikande, shangazi. Umeshapona mfupa, hauwezi kupinda."

Alifungua chupa, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto. Akaushika mkono wangu, akaanza. Dole gumba lake lilitafuta, likapita pale mfupa ulipovunjika, panaponiuma hadi leo mvua ikitaka kunyesha, halikusimama, likaenda mbele karibu vidole vitatu, likatulia hapo na kukaza.

"Ni hapa?" akauliza.

"Hapo hapo, shangazi," nikasema.